Picha zangu za wadudu na ndege zina kazi yoyote kwa watafiti, au ni za kupata laiki tu?

kimia_cha_jioni

Wakuu habari zenu. Mimi si mtaalamu wa ikolojia, biolojia nimeishia ile ya shule, ni mtu tu napenda kupiga picha za viumbe, wadudu sana, ndege kidogo, vyura nikibahatika, na nina folda limefurika picha ambazo zikishapata laiki zake mtandaoni zinafia hapohapo. Sasa kuna mtu kaniambia picha kama hizi watafiti wanazitumia kweli, mwingine akasema hizo porojo, mtafiti hawezi kuamini picha ya mtu asiyemjua, ana vifaa vyake na wanafunzi wake. Nimebaki katikati.

Maswali yangu nayaweka kama yanavyokuja. Kwanza kuna ushahidi gani kwamba picha ya mtu wa kawaida iliwahi kuongeza kitu kwenye sayansi, sitaki hadithi za kutia moyo, nataka kitu chenyewe. Halafu kama ni kweli picha inatakiwa iweje, maana ninazozipenda mimi ni zile nyuma kote kumefifia mdudu katokeza peke yake anang'aa, na nina wasiwasi hizo ndizo hazifai kitu. Pia nikiandika maelezo chini ya picha kwa watu wa kawaida niandikeje nisidanganye na nisiwachoshe. Na lokesheni niweke au nifiche? Kamera ninayo na lenzi ya makro ninayo, siulizi vifaa, tafadhali uzi usigeuke wa kushindanisha kamera.

---

Mzee wa Sange

Karibu ndugu. Huyo wa porojo mpe habari ya mdudu mmoja wa Malaysia.

Mwaka 2011 mpiga picha anaitwa Guek Hock Ping alipiga picha za mdudu wa kijani mwenye mabawa kama kimia, mabawani kuna mistari myeusi na madoa ya buluu, akaziweka Flickr, tovuti ya kuwekea picha, kama wewe unavyoweka zako, na mdudu mwenyewe akaruka zake. Shaun Winterton, mtaalamu wa wadudu aliyekuwa California, akazikuta katika kupekuapekua tu, akaona ile michoro ya mabawa hailingani na spishi yoyote anayoijua, akawapelekea wenzake na wao wakakwama. Watu wakisimulia habari hii hukimbilia kusema picha iligundua spishi mpya, lakini picha peke yake haikutosha, ilibidi Guek arudi palepale mpaka akampata mwingine, akapelekwa Natural History Museum ya London kwa Steve Brooks, na kule kwenye makabati wakakuta kielelezo, yaani mdudu aliyehifadhiwa, cha spishi hiyohiyo kimekaa miaka na miaka bila mtu kukijua. Mwaka 2012 ndipo ikatangazwa rasmi kwa jina la Semachrysa jade, na mpiga picha ni mmoja wa waandishi watatu wa ile makala. Kwa hiyo usiniulize kama mtu wa kawaida anaweza, huyu jina lake liko pale katikati ya majina ya wataalamu. Ila ona kilichombeba: alijua alipigia wapi. Angekuwa wa "nilimwona sehemu fulani msituni" mpaka leo tungekuwa tunatazama picha nzuri ya mdudu asiye na jina.

Mfano mwingine ambao mimi ndio naupenda zaidi, na jina langu humu mnaliona. Mwaka 2005 kamera za kutega, zile zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, zilizofungwa msitu wa Ndundulu-Luhomero, milima ya Udzungwa Tanzania, zilinasa sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, ambaye hakufanana na sange wanaojulikana, uso wa kijivu na nyuma mweusi tii. Watafiti kina Francesco Rovero wakarudi 2006 kumtafuta mwenyewe, na 2008 akatangazwa kuwa spishi mpya, Rhynchocyon udzungwensis, mnyama wa kama gramu 700 hivi, ndiye mkubwa kuliko sange wote. Hapa kamera ilikuwa ya watafiti sawa, lakini mwenendo ni uleule, picha inauliza swali halafu watu wanatembea kwenda kulijibu.

Na msitu huohuo ndio mmoja wa misitu miwili alikopatikana kipunji, yule kima aliyetangazwa 2005 kwa kutumia picha tu bila hata mzoga mmoja, jambo lililozua ubishi maana kawaida ya sayansi ni kielelezo kikae makumbusho mtu yeyote akakikague. Baadaye mmoja akapatikana kafa kwenye mtego shambani, vikapimwa vinasaba, na 2006 ikaonekana si spishi mpya tu bali jenasi mpya kabisa (kundi la juu ya spishi), Rungwecebus, kima wa Afrika wa jenasi mpya hakuwa ametokea tangu 1923. Picha haikuweza kusema hilo. Wawindaji wa Rungwe lakini walikuwa wanamjua siku zote na jina walishampa, hili huwa linarukwa sana.

---

Pima_Polepole

Mzee kasema vizuri, ila naomba niwatoe kidogo kwenye spishi mpya kwa sababu mtu anayeanza akisikia hizo anaondoka kwenda kutafuta cha ajabu, wakati kazi kubwa ya picha zenu iko kwenye viumbe vya kawaida kabisa. Mimi ni mpokeaji wa data za aina hii, nitaongea kwa upande huo.

Hili la "mtafiti hawezi kumwamini mtu asiyemjua". Kuna mradi wa Serengeti, Snapshot Serengeti, kamera 225 zilifungwa kwenye eneo la kilomita za mraba 1,125 kuanzia 2010, kufikia 2013 zilikuwa zimeleta seti za picha milioni 1.2. Hakuna timu ya kukaa kuzitazama zote, kwa hiyo wakaziweka mtandaoni na zaidi ya watu 28,000 wa kujitolea, wengi hawajawahi kumwona pofu wala nyumbu kwa macho yao, wakazipitia. Kila seti ilionyeshwa kwa watu kadhaa bila kuonana, majibu yakajumlishwa, halafu sehemu yake ikalinganishwa na majibu ya wataalamu na kwenye spishi walikubaliana asilimia 96.6. Hakuna aliyeaminiwa kwa sura yake, ni mfumo uliojengwa ili makosa ya mmoja yafunikwe na wenzake. Na kama mnataka kucheka, karibu robo tatu ya seti hizo hazikuwa na mnyama yeyote, ni majani yanapepea na joto la jua linaiamsha kamera. Siku hizi kompyuta zimefundishwa kwa picha zilezile kufanya sehemu kubwa ya kazi, zimefundishwa na majibu ya wale watu.

Sasa picha yako iweje. Kimia, ile picha yako ya kufifisha nyuma piga tu, usiache, ila usiondoke hapo. Baada ya hiyo piga mbaya. Piga mdudu kwa juu, kwa ubavu, uso, mabawa yakiwa wazi kama inawezekana, halafu rudi nyuma upige mmea aliokalia na jani lake liwe wazi, halafu rudi nyuma tena upige mahali penyewe, kama ni kingo za maji au kichaka au ukuta wa nyumba. Kwa mdudu mmea ni nusu ya habari, wapo ambao huwezi kuwatofautisha kwa picha lakini ukijua wanakula nini umeshapunguza orodha. Uyoga piga chini ya kofia. Kereng'ende piga ncha ya mkia, wataalamu wengi watakuomba hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Weka kitu cha kupimia ukubwa pembeni kwa baadhi ya picha, maana makro inamfanya sisimizi aonekane ng'ombe.

Halafu tarehe, saa, mahali, na mahali pawe na kiasi cha makosa. Watu wengi hawaelewi hapa. Ukisema "pointi hii, inaweza kukosea mita 30" mimi nafanya nayo kazi. Ukisema "pointi hii" halafu kumbe umeidondosha katikati ya mbuga kwa kukisia, umeniharibia, kwa sababu nikiiweka juu ya ramani ya mvua na mimea itaniambia chura wa mabwawani anaishi juu ya mwamba. Bora ukiri duara la kilomita tano kuliko pointi ya uongo.

Jambo lingine ambalo halina raha kulisikia: tunahitaji kujua ulipokosa. Picha inasema kiumbe kipo, haisemi ulimtafuta kwa muda gani wala wapi hukumwona, na bila hilo siwezi kujua kama amepungua au ni nyinyi mmepungua kwenda. Ndiyo maana eBird, iliyoanza 2002 kwa ajili ya ndege, inakuuliza swali moja kila ukimaliza orodha: hawa ndio wote uliowatambua? Ukijibu ndiyo basi na wale ambao hawamo kwenye orodha wanakuwa habari. Mradi wa atlasi ya ndege wa Afrika nao umeigawa nchi kwa miraba ya dakika tano kwa dakika tano za latitudo na longitudo, kama kilomita tisa kila upande, unakaa mrabani saa mbili angalau unaandika kila ndege kwa mpangilio uliomwona au kumsikia. Inachosha, lakini ukiwa na orodha za hivyo za miaka unaweza kusema kitu.

Kwa wadudu na mimea iNaturalist, tovuti ya kuweka na kutambua picha za viumbe, ni rahisi zaidi. Picha ikiwa na tarehe na mahali, kiumbe si wa kufugwa, na zaidi ya theluthi mbili ya wanaotambua wakakubaliana spishi, inapanda daraja la utafiti, kisha inaingia GBIF, hifadhidata ya dunia ya rekodi za viumbe, ambako mtafiti yeyote duniani anaweza kuipakua. Ila angalia leseni yako! Ukiweka haki zote zimehifadhiwa haivuki kwenda huko, inabaki palepale. Kuna watu wana hazina ya miaka na wanashangaa hakuna anayeitumia kumbe wameifunga wenyewe kwenye mipangilio.

Na mpige vya kawaida. Data tulizonazo zimejaa wikiendi, kando ya barabara, vipepeo wakubwa na ndege wenye rangi. Nzi hana mtetezi kabisa.

---

Nuru_ya_Chini

Dada Pima nakuheshimu lakini naona tunataka kumgeuza huyu kijana kuwa karani wa takwimu. Picha nzuri nayo ina kazi yake jamani. Mpiga picha Mmarekani George Shiras alipotega kamera na baruti za mwanga usiku kulungu wajipige wenyewe, halafu National Geographic ikachapa picha zake 74 mwaka 1906, wasomaji hawakuhitaji jedwali, walihitaji kuona kwamba usiku kuna maisha mengine kabisa yanaendelea. Mtu hawezi kujali kitu ambacho hajawahi kukiona, na nzi wako hatapata mtetezi mpaka mtu ampige picha ya kumfanya msomaji asimame. Kwa hiyo kimia hiyo picha yako inayong'aa ndiyo mlango, zile mbaya za Pima ni nyumba.

Nijibu lile la maelezo kwa watu wa kawaida maana hapo ndipo ninapokaa mimi. Tatizo la picha ni kwamba inachukua sekunde moja halafu mtazamaji anaijaza hadithi nzima, na hadithi anayoijaza ni ile aliyokuja nayo kichwani. Mfano bora ni fisi. Kwa miaka na miaka watu walifika asubuhi wakakuta simba wanakula, fisi wamezunguka pembeni wanasubiri, wanapiga picha, wanaandika "simba kawinda, fisi wanangoja makombo". Picha ni ya kweli, haijaguswa hata pikseli moja. Miaka ya 1960 mtafiti Hans Kruuk akawa anawafuata fisi wa Ngorongoro usiku, akakuta mara nyingi fisi ndio waliomwua yule mnyama gizani, simba wakasikia kelele wakaja wakawapora, na jua lilipochomoza kila mtu akaona mwisho wa hadithi akadhani ndio mwanzo. Fisi madoa chakula chake kingi anawinda mwenyewe. Sasa fikiria ni picha ngapi za simba "mfalme akila alichowinda" bado zinazunguka.

Kwa hiyo kwenye maelezo mimi huandika vitu viwili nikavitenganisha waziwazi, nilichokiona na ninachokidhani. "Simba wawili wanakula pundamilia, fisi saba pembeni, saa 12:40 asubuhi, sikuona aliyeua." Watu hawachoki na hilo, kinyume chake ndipo wanaanza kuuliza nani aliua na maoni yanakuwa marefu kuliko posti, na hapo ndipo unawaletea Kruuk.

Kosa lingine la kawaida ni kinyonga. Kila picha ya kinyonga ina maneno "anajificha kwa kubadili rangi afanane na alipo". Kubadili rangi kwake kwingi ni kwa ajili ya kuwasiliana, dume akimwona dume mwenzake au akitaka jike, na joto pia, akisikia baridi anakuwa mweusi apate jua zaidi. Watafiti wa Geneva walionyesha mwaka 2015 kwamba kwenye ngozi kuna vifuwele vidogo mno vimepangwa, mnyama akivitanua au kuvibana rangi inayorudi inabadilika. Hiyo ni habari tamu kuliko ya kujificha, mbona tunang'ang'ania ya kujificha? Kwa sababu imeshaandikwa mara elfu na kunakili hakuchoshi.

Na tafadhali msiseme mnyama "anatabasamu". Sokwe akionyesha meno yote yale ya juu mara nyingi ni woga.

---

TembeaKimya

Nimesubiri mtu aguse la lokesheni naona wote wanalizunguka, Pima anasema weka mahali sawasawa na mimi nasema ngoja kwanza, na wote tuko sahihi inategemea umeweka wapi na kiumbe gani.

Mende wa kawaida weka pointi yake ilivyo. Kifaru, kakakuona, kobe wanaouzwa kimagendo, okidi adimu, kiota chochote cha ndege mkubwa wa kuwinda, ficha. Na kuficha si kutoandika tu "nilipiga sehemu fulani" halafu unaposti faili lenye GPS ndani yake. Baadhi ya kamera, na simu karibu zote lokesheni ikiwa imewashwa, zinaandika mahali ndani ya faili, mitandao mingine inafuta ukiposti na mingine haifuti, na ukimtumia mtu faili lenyewe kwa barua pepe limeenda na kila kitu. Na mandhari nayo inasema, mlima wenye umbo linalojulikana nyuma ya kifaru ni ramani tosha kwa anayejua. iNaturalist kwa spishi zilizo hatarini inaficha yenyewe, pointi ya umma inatupwa ovyo ndani ya mraba wa digrii 0.2 kwa 0.2, karibu na ikweta hiyo ni kama kilomita 22 kila upande, lakini ile sahihi inabaki imehifadhiwa na unaweza kumpa mtafiti unayemwamini. Kwa hiyo ule ugomvi wa sayansi na usalama hapo umeshapatiwa njia, kazi yako ni kujua tu kwamba kitufe kipo, maana spishi ambayo mfumo hauijui kuwa hatarini utaificha wewe mwenyewe.

La pili ambalo hukuuliza lakini nalisema hivyohivyo. Kupiga picha kwenyewe kunaweza kumdhuru unayempiga. Maasai Mara walifuatiliwa duma majike kati ya 2013 na 2017, utafiti wa Femke Broekhuis uliotoka 2018, kwenye maeneo yenye watalii wengi jike alikuza kwa wastani watoto 0.2 kwa uzao, kwenye maeneo yenye watalii wachache 2.3. Soma tena hizo namba. Hawakuonekana kugongwa na magari, la kufikiriwa zaidi ni kwamba wakizungukwa wanashindwa kuwinda vizuri au wananyang'anywa au wanasumbuka, na kila gari moja dereva na mpiga picha wake wanaona wao hawana neno, ni moja tu. Na watalii wale wengi wao wanapenda duma kweli kweli, hapo ndipo panauma.

Kwa makro yako: usimtoe mdudu alipo umpeleke kwenye ua zuri. Si huruma tu, umeshaharibu habari ya mmea ambayo Pima anaiomba. Kuna wanaomweka mdudu kwenye friji apoe atulie, wakishapiga wanaandika "alfajiri yenye umande". Kiota usisogeze majani ili upate mwanga, majani yale ndiyo yanawaficha makinda. Usiwachezee ndege sauti ya mwenzao kwenye simu mpaka waje, hasa msimu wa kutaga, dume anaacha kazi yake anakuja kupigana na simu.

Na uongo una gharama hata kwa wakubwa. Shindano la Wildlife Photographer of the Year, picha iliyoshinda 2009 ya mbwa mwitu wa Ulaya (wolf) akiruka lango la mbao, ilinyang'anywa ushindi mwanzoni mwa 2010 kwa sababu waamuzi waliona mnyama yule huenda kabisa alikuwa wa kufundishwa, na kanuni zilikataza. Mpiga picha alikana. Lakini jiulize picha ile ingekuwa imeingia kwenye kumbukumbu za tabia za mbwa mwitu, mtu anaandika kwamba wanaruka malango wakati wangeweza kupita katikati ya mbao.

---

kimia_cha_jioni

Aisee. Asanteni wote, sikutegemea. Hilo la leseni nimeenda kuangalia sasa hivi nimenyamaza tu hahaha.

Dada Pima nina swali kwako. Unasema mpige vya kawaida na mrudierudie, sasa nikimpiga mdudu au mnyama huyohuyo mara nyingi si nitaonekana nina wengi kumbe ni mmoja? Na la pili, kuediti. Mimi huwa naongeza mwanga, nakropu, na mara nyingine naunganisha picha kadhaa zenye fokasi tofauti ziwe moja ili mdudu mzima awe wazi. Hiyo ni haramu?

---

Mzee wa Sange

La kwanza nijibu mimi kwa sababu lina raha. Kwa wanyama wenye madoa au mistari, kumpiga huyohuyo mara nyingi ndio utajiri wenyewe, maana kila mmoja ana mchoro wake, pundamilia, twiga, duma, chui. Mwaka 2016 kaskazini mwa Kenya walifanya zoezi wakaliita Great Grevy's Rally, watu wa kawaida, wanafunzi, maskauti wa jamii, wakagawiwa maeneo wakampiga kila pundamilia wa Grevy ubavu mmoja uleule, picha zina saa na GPS, kompyuta ikalinganisha mistari. Kutoka hapo wakakadiria wako takriban 2,350, na kwa kuwa picha zinaonyesha umri wakajua pia watoto ni sehemu gani ya kundi, jambo ambalo kuhesabu kwa ndege kutoka angani hakukupi. Msingi wake ni kurudi: aliyepigwa jana akionekana leo, uwiano wa waliorudi na wapya unakuambia waliopo wote ni kama wangapi. Wote wakiwa wapya kila siku, wako wengi sana. Wakijirudia walewale, ndio hao tu.

Papa potwe vilevile, anatambuliwa kwa madoa ya nyuma ya matamvua upande wa kushoto, na hesabu iliyotumika kulinganisha madoa, 2005 hiyo, ilichukuliwa kwa wanaastronomia walioitengeneza kwa ajili ya kulinganisha nyota kwenye picha za anga. Mpiga mbizi mwenye kamera ya likizo anaweza kumwongezea papa mmoja historia ya miaka. Piga ubavu mmoja daima, ukichanganya kushoto na kulia unapata wanyama wawili kutoka kwa mmoja.

Mdudu wako hana hiyo bahati, ukiona huyohuyo dakika kumi baadaye weka zote kwenye rekodi moja basi.

---

Pima_Polepole

Kuediti. Mwanga, kukropu, kusawazisha rangi, hakuna shida, ila rangi ikiwa ndiyo inayotofautisha spishi usiiguse sana, njano ikigeuka chungwa nitakupa jina la jirani yake. Kuunganisha fokasi sema tu kwamba umeunganisha, wataalamu wa wadudu wenyewe wanafanya hivyo makumbusho kila siku. Ninachokiogopa ni programu za sasa za kusafisha chembechembe na kukuza picha ndogo, baadhi yake hazisafishi, zinabuni. Zinaona manyoya yenye ukungu zinachora manyoya yanayofanana na ya kweli, na kwenye mguu wa mdudu zinakuwekea vinyweleo ambavyo havikuwepo, na vinyweleo ndivyo tunavyohesabu sisi. Kwa hiyo weka faili la RAW, picha ghafi kama ilivyotoka kwenye kamera, usifute, iliyopambwa iposti kwa watu, isiyopambwa iende kwenye rekodi. Kuongeza au kuondoa kitu, hata kijiti kilichokukera, kwenye rekodi hapana.

Nuru hapo juu kasema mimi nataka makarani, sawa, ila nikupe moja kaka. Mpiga picha Mwitaliano Vittorio Sella alipiga barafu za Rwenzori 1906, picha ni nzuri hata leo zinaning'inizwa ukutani, na watu wamezirudia kutoka palepale alipopigia kuona barafu imebaki kiasi gani. Alikuwa makini na alikosimama, ndiyo maana zinafaa kwa yote mawili. Kimia chagua kona moja, mti mmoja au dimbwi, simama palepale kila mwezi, lenzi ileile, uelekeo uleule, haihitaji hata mnyama.

---

Nuru_ya_Chini

Nimekubali la Sella, dada. La ukarani bado.

---

kimia_cha_jioni

Dimbwi ninalo. Kamera yangu haina GPS ndani yake, natumia simu kuandika njia niliyopita halafu naunganisha nyumbani kwa saa ya picha, hiyo inakubalika?

---

Pima_Polepole

Inakubalika, wengi wanafanya hivyo. Ila kabla hujaanza kutembea ipige picha saa ya simu yako kwa kamera, skrini ionyeshe mpaka sekunde. Saa ya kamera ikiwa imeteleza dakika nne utaiona hapo na utarekebisha zote kwa mkupuo, bila hiyo kila mdudu atakaa dakika nne mbele ya alipokuwa. Na ukibadili betri iangalie tena, baadhi ya kamera zikikaa bila betri muda mrefu zinarudi kwenye tarehe ya kiwandani na kimya kimya.